Paa la Kipkelion na funzo la jabia

Kila zabuni ya jengo la umma inapotangazwa, swali ni lile lile: nani atajenga kwa bei ya chini? Naona swali hilo ndilo linalotufilisi. Ujenzi hulipwa mara moja, lakini maji, umeme na ukarabati hulipiwa maisha yote ya jengo.

Chukua Kipkelion, kaunti ya Kericho, mji wa reli uliojulikana zamani kama Lumbwa. Mvua yake hupita milimita 1,000 kwa mwaka, na kila milimita juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la zahanati lenye mita 300 za mraba hupokea basi lita 300,000. Robo ikipotea, zinabaki 225,000. Pasipo gata wala tangi, maji hayo huchimba msingi, hubeba udongo na kuteremka hadi Mto Nyando, ambao hufurika nyanda za Kano.

Wasanifu majengo sasa wanahimiza jengo linalorudisha: likinge mvua, lipitishe hewa na mwanga bila kutegemea umeme, na liiache ardhi katika hali bora kuliko lilivyoikuta. Sisi wa Pwani hilo si geni. Visiwani Lamu tuna jabia, sakafu ya mteremko inayopeleka mvua kwenye birika. Nyumba zetu za mawe, zenye kuta nene na ua wa ndani, zilipoza joto kabla ya feni. Kule Laikipia, Shule ya Msingi ya Uaso Nyiro ilijengewa mwaka 2012 madarasa yanayokusanya mvua katika birika lake lenyewe.

Birika huongeza gharama ya mwanzo, sikatai. Lakini sheria haizuii. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, kifungu cha 86, inaruhusu mshindi wa zabuni kuamuliwa kwa gharama yote ya kumiliki, si bei ya ujenzi pekee. Kinachokwamisha, kwa maoni yangu, ni kalenda ya siasa: muhula wa gavana ni miaka 5, jengo hukaa 50.

Kwa hiyo kaunti ikituita kutoa maoni ya bajeti, Kericho au Lamu, tusiulize zahanati itagharimu kiasi gani tu. Tuulize itatudai nini kila mwaka, na mvua ya paa lake itakwenda wapi.