Msinitengee Kikombe: Barua kutoka Leicester kwenda Oltepesi

Kwa wazee wangu, akina yeyo mama zangu, wadogo zangu na mashemeji wa Oltepesi, pamoja nanyi mliohamia Kitengela na Kajiado mjini,

Nimesikia mvua imenyesha Kisamis ikawaruka ninyi mlio bondeni. Poleni. Mungu akijalia itashuka.

Nawaandikia wote kwa pamoja kwa sababu simu imenishinda. Nikimpigia mmoja kumuuliza habari ya sukari, ananijibu kwamba yeye ni mzima, mgonjwa ni fulani. Nikimpigia huyo fulani, anashusha sauti na kuniuliza nani kanipa habari. Basi nianze na mimi ili tuache kunong'onezana. Nina kisukari cha aina ya pili. Nameza metformin asubuhi na jioni pamoja na chakula, na kazi yangu ya kuwatunza wazee huku Leicester naifanya kama siku zote.

Najua mtakachopanga mkishasoma hapo. Nikifika Desemba, mtanichemshia chai yangu kwenye kisufuria cha pembeni, bila sukari, mniletee kikombe kwa macho ya msibani, halafu wengine wote mnywe ile ya sufuria kubwa ambayo kijiko kinaweza kusimama chenyewe. Naomba msifanye hivyo. Si kwangu tu, bali kwa wazee pia. Chai ya boma iwe moja, isiyo na sukari, na anayetaka sukari ajitilie mwenyewe kwenye kikombe chake. Mtaniambia hilo ni jambo dogo. Naona karibu yote niliyo nayo ya kuwaambia yamo humo.

Mgonjwa aliyetengewa kikombe hawezi kukimaliza. Anakinywa mbele yenu kwa adabu, kisha anashika fimbo anakwenda boma la jirani, ambako hajulikani kama mgonjwa, na huko anakunywa vikombe viwili vitamu. Tena akikataa anaonekana ana kiburi. Nani kwetu anaweza kukataa chai ya mwenye nyumba? Mgeni wa heshima huja na pakiti za sukari na majani ya chai mkononi. Kwenye posa sukari imo, kwenye tohara imo, hata pombe ya asali siku hizi wengi wanaitengeneza kwa sukari kwa kuwa asali imeadimika. Sukari imekuwa heshima yenyewe. Kumwambia mzee mmoja aache heshima peke yake, huku wengine wakiendelea nayo mbele yake, ni kumfukuza kikaoni.

Huku, mtu akigunduliwa ana ugonjwa huu, anaalikwa darasani. Kuna mafunzo yanayoitwa DESMOND, ya saa sita hivi, ambapo watu wapatao kumi wanakaa na wakufunzi na kuelezwa sukari inafanya nini mwilini. Barua ya mwaliko inakuruhusu uende na mtu wa nyumbani. Wengi darasani kwetu walikuwa Wahindi, na si ajabu: Leicester ilijaa Wahindi waliotoka Kenya miaka ya 1960 na wale waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. (Baraza la mji huu lilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda kuwasihi wasije. Walikuja, na leo barabara ya Belgrave Road inaishi kwa maduka yao.) Pembeni yangu alikaa mama mmoja mzaliwa wa Kisumu, Kiswahili chake bado kina vumbi la sokoni. Mumewe, ambaye hana kisukari, ndiye aliyekuwa akiandika. Nilipomuuliza mama huyo mbona mzee ndiye anayejifunza, alinijibu, "Yeye ndiye anapika chapati, mimi nakula tu."

Tangu hapo nikiulizwa mgonjwa atakula nini, nauliza kwanza nani anapika.

Wapo kwetu wanaosema kisukari ni ugonjwa wa watu wa Nairobi, sisi damu yetu ni maziwa na nyama. Wananitajia na daktari yule Mmarekani, George Mann, aliyewapima Wamaasai wa Tanganyika miaka ya 1960 akakuta mioyo yao ni mizima ajabu licha ya maziwa na mafuta yote yale. Ni kweli, aliandika hivyo. Lakini aliwapima watu waliokuwa wakifuata ng'ombe kutwa kwa miguu. Hakumpima mtu aliyeuza ekari zake Kitengela, akafungua duka, akawa anashinda kwenye kiti cha plastiki na soda ya baridi mezani, akitoka dukani anapanda boda hadi mlangoni. Nawapenda, lakini mtu huyo sasa ndiye sisi. Na hatujijui: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu watu wazima tisa kati ya kumi Kenya hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja. Huku wauguzi wamefundishwa kwamba sisi watu weusi, kama Wahindi, tunaweza kupata kisukari tukiwa na uzito mdogo kuliko Wazungu, kwa hiyo wanatupima mapema. Mimi si mnene, mnanijua. Nilipimwa kwa sababu hiyo tu.

Kwa hiyo msingoje dalili. Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba na serikali mwaka 2023 wana mashine ya kupima sukari na ya presha. Mmoja wao akipita bomani, asipelekwe kwa mgonjwa peke yake. Kila mtu mzima atoe kidole.

Sasa miguu. Hapa niacheni nikae kidogo, kwa sababu ndipo ninapoogopa zaidi.

Mti wa oltepesi una miiba ya aina mbili kwenye tawi moja, ile mirefu myeupe iliyonyooka na ile mifupi iliyopinda. Kila mtoto wa kwetu amewahi kukaa chini kichakani kuchomoa mmoja wake. Unauchomoa kwa sababu unauma. Kisukari cha miaka mingi kinatia ganzi hadi nyayo zinasahau maumivu, na mzee anaweza kutembea na mwiba ndani ya mguu kutoka malishoni hadi nyumbani, akalala nao, akaamka nao, kesho yake akaenda nao tena mnadani Kiserian. Hausemi kwa sababu hauhisi. Wiki inayofuata mguu umevimba, wiki nyingine kuna harufu, na ndipo mnakodi gari. Ni hivyo hivyo kwa aliyekaa kuota moto jioni na vidole karibu na makaa: anaungua na hajui. Nimewahudumia huku wazee wasio na mguu, na walipokuwa wakinisimulia jinsi ulivyoanza, mara nyingi ulianza na kitu kidogo kama hicho, kijiwe kwenye kiatu au kucha iliyokatwa vibaya.

Naomba basi kazi hii wapewe wajukuu. Kila jioni, kabla taa hazijazimwa, mtoto mmoja achukue tochi ya simu aangalie nyayo za babu: chini, kisigino, na katikati ya vidole, maana huko ndiko kunakosahaulika. Achunguze na akala za babu kama kuna mwiba uliotoboa ukatokeza ndani, kwa kuwa raba ya tairi haizuii mwiba wa oltepesi na mnajua. Miguu ioshwe kwa maji yaliyojaribiwa na mkono wa mtu mwingine, si na mguu wenyewe. Kidonda chochote, hata kisichouma, kiende zahanati siku hiyo hiyo. Kisichouma ndicho cha kukimbiza zaidi.

Jambo lingine ni sukari kushuka. Hili linanitia hofu kwa sababu mmeshajifunza nusu tu ya somo. Mmeambiwa sukari ni sumu kwa mgonjwa, mkaielewa vizuri mno. Lakini anayechoma insulini, au anayemeza zile tembe za glibenclamide wanazopewa wazee wengi, akikosa chakula au akitembea mwendo mrefu juani, sukari yake inaweza kuanguka chini kabisa. Anatetemeka, anatoka jasho jembamba, anaanza kugomba bila sababu, maneno yanamtoka ovyo. Kule Kitengela mzee mmoja alikaa hivyo steji ya matatu, vijana wakamcheka wakidhani amelewa. Mtu wa namna hiyo, ikiwa bado anaweza kumeza, apewe sukari papo hapo: vijiko vinne kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Mngoje dakika kumi au kumi na tano, na kama hajapata nafuu mmpe tena, kisha ale chakula. Akiwa amezimia msimmiminie kitu mdomoni, mlazeni kwa ubavu na mtafute gari. Pakiti ile mliyoificha ili asiione ndiyo itakayomwokoa siku hiyo, kwa hiyo kila mtu wa boma ajue ilipo.

Kuhusu mashine tunazotuma sisi wa ughaibuni, nataka kuwasema wenzangu wa huku zaidi yenu. Tunapenda kununua kitu kinachong'aa. Binamu yetu wa Dallas alituma mashine nzuri ya kupima sukari. Siku ya kwanza ikaonyesha 118, na watu waliozoea kuona 6 au 7 kwenye mashine ya zahanati wakakodi Probox usiku kupanda hadi Kiserian na mgonjwa anayejisikia vizuri kabisa. Marekani wanahesabu kwa kipimo chao. Ukigawanya namba yao kwa 18 unapata yetu, na 118 ni sita na nusu, yaani kiwango kizuri kwa mwenye kisukari. Baadaye stripu zikaisha. Stripu za mashine moja haziingii kwenye nyingine, na zile za ile ya Dallas hazikupatikana Kiserian wala Kitengela. Sasa mashine iko kabatini, safi, na picha yake bado iko kwenye grupu yetu ya familia. Mashine ya bei nafuu ambayo stripu zake zinauzwa duka la dawa lililo karibu inashinda zote. Sisi tutume pesa ya stripu kila mwezi, kama tunavyotuma karo, hata kama haipendezi kwenye picha.

Insulini. Mama mmoja aliniambia kwa simu kwamba hana haja ya kuianza kwa kuwa hana friji, na Oltepesi ni joto. Vichupa ambavyo havijafunguliwa vinahitaji friji kweli, na hapo zahanati au jirani mwenye friji anaweza kusaidia. Lakini kichupa kinachotumika kinaweza kukaa nyumbani. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walilipima jambo hili huko huko Kenya, kwenye kambi ya Dadaab, kwenye joto la nyuzi 25 hadi 37, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2021 yalionyesha insulini haikupoteza nguvu kwa wiki nne. Isiwekwe juani, wala chini ya mabati, wala ndani ya gari. Chungu cha udongo ndani ya chungu kingine, mchanga wenye maji katikati na kitambaa kibichi juu, kwenye kivuli, kinatosha kabisa katika upepo wetu mkavu. Isigande tu, ikiganda imekufa.

Na mtoto anayekonda huku anakula, anayekunywa maji usiku kucha na kukojoa kitandani wakati alishaacha zamani, msimpeleke kwa mganga kwanza wala msimtibu malaria kwa kubahatisha. Apimwe sukari siku hiyo. Kisukari cha watoto hakitokani na peremende na hakitibiwi kwa tembe, kinataka insulini tangu siku ya kwanza na hakingoji. Upo mradi wa Changing Diabetes in Children unaowapa watoto insulini bure katika kliniki kadhaa nchini. Ulizeni hospitali ya Kajiado ni ipi iliyo karibu. Shule ya bweni nayo iambiwe, matroni ajue, na rafiki mmoja wa kitanda cha jirani ajue pia.

Mizizi siwakatazi kunywa kwenye supu, nami naikumbuka. Ila yule mwenye spika kwenye soko anayeuza chupa ya kumaliza kisukari kabisa, mwulizeni kama atakubali mgonjwa apimwe kabla na baada ya mwezi mmoja. Mkiona anakunja meza, mmepata jibu.

Na SHA, bima ya afya ya serikali: kwa asiye na mshahara malipo ni ya mwaka mzima kwa pamoja, ndiyo maana wengi wameacha. Ya yeyo nitalipa mimi. Ya wazee wengine tugawane sisi tulioko nje, na nitaandika majina kwenye grupu bila aibu.

Chakula sitawafundisha sana. Ugali upo, upungue uwe sahani moja tu na mboga ziongezeke. Maziwa bila sukari ni mazuri, nyama ipo, maharagwe yapo. Mnaokaa Kitengela, chipsi za kila jioni mnazijua wenyewe.

Kabla sijanunua chochote cha Desemba, mmoja wenu anipigie picha ya mashine iliyopo nyumbani, upande wa nyuma penye jina, pamoja na mkebe wa stripu nione tarehe ya kuisha. Tena mnipigie picha ya nyayo za babu, zote mbili, mchana kwenye mwanga. Mkimwuliza atakataa. Mtumeni mjukuu.

Mimi binti yenu,
Leicester