Mtoto mchanga hawezi kukwambia haoni

Mzazi mwenzangu, mtoto wa miezi mitatu hawezi kulalamika kwamba jicho lake moja lina ukungu. Tangu azaliwe anaona hivyo hivyo. Wa kugundua ni wewe unayeshinda naye.

Wengi wetu hapa Njoro, tukitaka kujua kama mtoto anaona, tunatikisa funguo mbele yake. Akigeuka tunafurahi. Lakini funguo zinalia, na huenda kilichojibu ni sikio. Macho hupimwa kwa ukimya.

Subiri mtoto awe ameshiba na ametulia. Mpakate, uso wako ukiwa kama sentimita 30 kutoka kwake. Bila kusema neno, sogeza uso taratibu kulia, kisha kushoto. Kwenye wiki ya sita hivi, mtoto huanza kukutazama na kutabasamu. Akifika miezi mitatu, macho yake yanapaswa kukufuata. Halafu kinga jicho moja kwa kiganja bila kuligusa, urudie, kisha fanya hivyo kwa la pili. Kama anatulia ukikinga la kushoto, lakini kila ukikinga la kulia analia na kukwepa mkono, huenda la kushoto halioni vizuri.

Wataalamu nao humsoma mtoto kwa macho yake. Davida Teller na wenzake, nchini Marekani, walitengeneza kadi yenye mistari upande mmoja na rangi ya kijivu tupu upande wa pili. Mtoto hupenda kutazama mistari. Mpimaji huchungulia kwenye tundu dogo katikati ya kadi aone macho yanaelekea wapi, kisha hubadilisha kadi, mistari ikizidi kuwa myembamba, mpaka mtoto asiitofautishe na kijivu.

Angalia pia picha za simu zilizopigwa kwa flashi. Mboni ikionekana nyeupe wakati nyingine ni nyekundu, usingoje tarehe ya kliniki. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, au saratani ya jicho ambayo huua ikicheleweshwa.

Na makengeza? Macho kupotea mara moja moja katika miezi mitatu ya mwanzo ni kawaida. Jicho lililopinda muda wote, au linaloendelea kupinda baada ya miezi minne, lipimwe, hata kama babu naye alikuwa na makengeza.

Haraka hii ina sababu. Ubongo hujifunza kuona katika miezi na miaka ya mwanzo. Jicho lisipoupelekea picha safi, ubongo hulizoea kulipuuza, na operesheni ikichelewa huondoa ukungu bila kurudisha uoni wote. Utafiti wa KCMC uliochapishwa mwaka 2005 uliona kwamba watoto wenye mtoto wa jicho walifikishwa hospitali wakiwa wamechelewa, kwa wastani, karibu miaka mitatu. Hospitali hiyo yenye idara ya macho iko hapa hapa Moshi, mwendo wa daladala tu.

Kwa hiyo tuache "atakua tu, yatakaa sawa". Tuache pia kudondoshea dawa za majani au maziwa ya mama machoni. Siku ya chanjo, kabla hujarudishiwa kadi, mwambie nesi ulichokiona na umwombe akuandikie rufaa ya macho.