Tanuri la moshi halihitaji programu

Leo nitawaudhi wenzangu wa kompyuta. Kila nikitaja tanuri la kukaushia nyama kwa moshi ninalotumia hapa Kikoneni, lililoundwa kwa masufuria yaliyotupwa, swali ni lilelile: "Umeweka Arduino?" Sijaweka, na siweki. Mimi nalipwa kuandika programu, ndiyo maana najua mahali ambapo haitakiwi.

Chombo chenyewe ni hiki. Chini kuna jiko la makaa la kawaida, lenye mlango wake wa hewa. Juu yake linakaa sufuria kubwa la harusi lililochakaa, kitako kimetobolewa matundu. Ndani kuna sinia ya kukinga mafuta, na juu ya sinia wavu uliotoka kwenye oveni mbovu. Sufuria la pili linafudikizwa juu kuwa kifuniko: lina tundu la kutolea moshi, na kipimajoto kimechomekwa ubavuni. Moshi unatokana na makumbi ya nazi yanayowekwa kidogo kidogo juu ya makaa. Waya hakuna hata mmoja.

Sasa hoja. Moto hauwaki kupita hewa unayopewa. Bana mlango wa jiko, joto linashuka, ufungue, linapanda. Kidhibiti tayari unacho, nacho ni kipande cha bati! Tena nyama ya kilo kadhaa haipati joto kwa sekunde, inachukua saa. Ukitupia jicho kipimajoto kila robo saa inatosha. Kompyuta inayosoma joto mara 10 kwa sekunde inamsaidia nani?

Inaweza hata kudhuru. Wenzangu wanapenda sensa ndani na feni mlangoni. Sensa ikichomoka ikaning'inia nje, programu inaamini tanuri limepoa, basi inapuliza moto kwa nguvu zote. Kompyuta ya mezani ikikosea unaiwasha upya. Hapa nyama inakuwa mkaa, na banda la makuti liko hatarini.

Na bodi ikiungua? Fundi wa masufuria unampata jirani. Fundi wa bodi utamfuata Ukunda, pengine Mombasa, na nyama haitamsubiri.

Msiniambie huu ni ushamba. Tanuri la Chorkor lilizaliwa karibu na Accra, Ghana, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, kwa kazi ya pamoja ya wanawake wakaushaji samaki, watafiti na shirika la FAO. Trei za mbao na wavu hupangwa moja juu ya nyingine, zenyewe zikawa bomba la moshi. Baadaye FAO na chuo cha Thiaroye, Senegal, wakaliboresha. Mojawapo ya nyongeza ni trei ya kukinga mafuta yasidondokee makaa, kwa sababu mafuta yakiungua hutoa kemikali zinazosababisha saratani. Moja yake ni benzopaireni. Tangu 2014 Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha mikrogramu 2 kwa kilo ya nyama au samaki wa moshi. Tatizo la maabara, na sehemu ya jibu lake ni sinia!

Mkitaka kutumia akili, itumieni penye hatari ya kweli. Msitumie ndoo ya bati lenye zinki karibu na makaa: zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, na makaa yanapita hapo. Msitumie friji kuukuu lenye plastiki na povu ndani. Kuku apimwe katikati ya mnofu mpaka afike nyuzi 74. Na stima ikipotea nyama ikaanza kunuka, itupeni. Moshi hufunika harufu, haufufui nyama.

Najua mtasema: je, mwenye matanuri 20 asiyeweza kuyazunguka yote? Huyo aweke sensa impigie kengele. Kengele tu. Mkono wa kufungua mlango wa hewa ubaki wa mtu aliyesimama pale, anayeona moto kwa macho yake.

Anayebisha abishe, ila aje na kipimajoto.