Pepo, Tarehe na Maana: Nafasi ya Wanataaluma wa Kiswahili katika Uokoaji wa Kumbukumbu za Hali ya Hewa

1.0 Utangulizi

Makala haya yanatetea hoja moja. Kazi ya kuokoa na kuunganisha kumbukumbu za kale za hali ya hewa na bahari, ambayo aghalabu huachiwa wanafizikia na wanajiografia, kwa sehemu kubwa ni kazi ya lugha. Kwa hiyo idara za Kiswahili zitakuwa zimekwepa wajibu wao iwapo zitaendelea kuitazama kwa mbali.

Suala hili si la nadharia tupu. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuangamiza vyombo vya Sultani Barghash. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na baadaye ndiyo iliyoongoza kwa karafuu. Mwaka 1952 kimbunga kiliikumba Lindi. Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania kupitia Mafia. Je, matukio kama haya hutokea mara ngapi katika latitudo zetu? Picha za setilaiti ni za miongo michache tu, na tukio linalotokea mara chache katika karne moja na nusu haliwezi kupimwa kwa miongo hiyo peke yake. Mhandisi anayejenga gati, au mpangaji wa mji anayeruhusu nyumba zijengwe ufukweni, anahitaji ushahidi wa kale zaidi. Ushahidi huo umo katika maandishi, na maandishi hayana budi kusomwa na mtu anayeijua lugha yake.

2.0 Kazi iliyokwisha kufanywa kwingineko

Ukusanyaji wa kumbukumbu za mabaharia una historia ndefu. Katika miaka ya 1840 Matthew Fontaine Maury, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, alikusanya shajara za merikebu na kuchora kutokana nazo ramani za pepo na mikondo. Mwaka 1853 mkutano wa Brussels ulikubaliana juu ya namna moja ya kuandika vipimo baharini. Leo mkusanyo mkuu wa kimataifa, uitwao ICOADS, una mamia ya mamilioni ya taarifa, za kwanza kabisa zikiwa za karne ya 17. Shajara karibu 900 za merikebu za Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya Uhindi, za kati ya 1789 na 1834, zimetoa taarifa zaidi ya 270,000. Bahari iliyopitiwa na merikebu hizo ni Bahari yetu ya Hindi.

Mradi unaotuhusu zaidi sisi wanalugha, hata hivyo, ni ule wa CLIWOC, ulioshughulikia shajara za Waingereza, Waholanzi, Wafaransa na Wahispania za takriban miaka ya 1750 hadi 1850. Sehemu kubwa ya shajara hizo haina tarakimu za nguvu ya upepo. Ina maneno tu ya manahodha. Watafiti walilazimika kwanza kutunga kamusi ya lugha nne, iliyochapishwa mwaka 2003, ikilinganisha maneno hayo na vipimo vya Beaufort. Yaani, kabla ya hesabu yoyote kufanyika, ilibidi leksikografia itangulie.

Hata palipo na tarakimu, tarakimu hazijisemei zenyewe. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba kushuka ghafla kwa joto la bahari mwishoni mwa 1945, kwa takriban nyuzi 0.3, kulitokana hasa na mabadiliko ya upimaji. Wakati wa vita vipimo vingi vilitoka katika meli za Kimarekani, zilizopima maji yaingiayo mashineni. Vita vilipokwisha, meli za Kiingereza zilirudi na ndoo zao, na maji ya ndooni hupoa kabla ya kupimwa. Funzo ni kwamba kuunganisha data bila kujua zilivyoandikwa ni kuzalisha historia isiyokuwako.

3.0 Tatizo la maana katika Kiswahili

Tukija kwenye Kiswahili, ugumu huo unaongezeka. Tuchukue neno kaskazi. Ni upepo, ni msimu, na ndilo lililozaa jina la upande wa dunia. Maandishi yakisema kwamba jahazi liliondoka "kwa kaskazi", mwandishi anatupa mwelekeo wa upepo wa siku ile, au anatupa majira ya mwaka? Neno kusi lina utata huo huo. Umande, kwa wengi wetu, ni unyevu wa asubuhi majanini. Kwa baharia ni upepo utokao bara. Mfasiri asiyelijua hilo atauingiza upepo katika safu ya unyevu, na kosa lake halitaonekana tena.

Tufani nalo lina asili ya Kiarabu, ambako linahusishwa na gharika. Katika Kiswahili hutajwa kwa dhoruba ya kila namna, ilhali leo mamlaka za hali ya hewa hutumia kimbunga kama istilahi maalumu. Hatuwezi kuirudisha fasili hii ya leo nyuma na kuibandika juu ya kila tufani ya karne ya 19. Tofauti za lahaja pia zina uzito: mahali ambapo kibla ni upande wa kaskazini na suheli ni kusini, msomaji aliyezoea Kiswahili Sanifu peke yake atapotea.

Kuna pia suala la kalenda. Mwaka wa Nairuzi, ambao mabaharia walihesabia siku za safari kwa miongo ya siku kumi kumi, una siku 365 bila siku ya nyongeza ya mwaka mrefu. Kwa hiyo hurudi nyuma takriban siku 24 kwa kila karne ukilinganishwa na jua. Atakayechukua siku ya Nairuzi iliyotajwa na Ahmad ibn Majid mwishoni mwa karne ya 15, akaifananisha na siku yenye hesabu hiyo hiyo mwishoni mwa karne ya 19, atakosea kwa zaidi ya miezi mitatu. Saa nazo ni hivyo hivyo: saa moja ya Mswahili ni saa saba ya Mzungu, na katika vipimo vya joto tofauti ya saa sita ni tofauti ya asubuhi na adhuhuri.

4.0 Pingamizi na majibu yake

Yamkini itasemwa kwamba maandishi ya Kiswahili hayana vipimo, na kwamba ushairi si kipimajoto. Ni kweli kwamba bahari ya Muyaka bin Haji mara nyingi ni bahari ya siasa, na anayehesabu kila wimbi la ushairi wake kama taarifa ya hali ya hewa atajidanganya. Lakini pingamizi hili linaithibitisha hoja yetu badala ya kuivunja. Anayeweza kutenga sitiari na taarifa ni mhakiki aliyefunzwa tanzu za Kiswahili. Mwanafizikia hakufunzwa hilo.

Aidha, ushahidi wa maneno umekwisha kutoa matunda katika eneo letu. Vipimo vya kina cha Ziwa Viktoria vinaanza mwaka 1896. Kwa miaka iliyotangulia, Sharon Nicholson na wenzake walitumia taarifa za wasafiri na masimulizi ya wenyeji ili kukadiria kupanda na kushuka kwa ziwa. Matumbawe ya Malindi, yenye kumbukumbu ya joto la bahari tangu mwanzoni mwa karne ya 19, yanaweza kutumiwa kuhakiki maandishi, na maandishi kuyafafanua matumbawe.

5.0 Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, itungwe kamusi ya kihistoria ya pepo, misimu na hali ya bahari, ikianzia kamusi ya Krapf ya 1882 na ile ya Sacleux, na kuhakikiwa kwa manahodha na wavuvi waliopo, kila neno likionyeshwa mahali na wakati wake. Pili, miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyoko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo J.W.T. Allen aliichapishia katalogi mwaka 1970, isomwe upya kwa kutafuta tarehe, pepo, mvua na njaa. Nazo ni mada zinazowafaa wanafunzi wa uzamili. Tatu, katika kila data itakayotolewa, neno la asili lihifadhiwe kando ya tarakimu iliyokadiriwa, ili atakayekuja baadaye aweze kutusahihisha.

Sharti hili la tatu ndilo zito kuliko yote. Tarakimu huweza kukokotolewa upya kila elimu inapoongezeka, lakini neno lililotupwa, au karatasi iliyoliwa na mchwa, haina wa kuirudisha. Wanaoyajua maneno ya bahari kwa kuyatumia wanazidi kupungua, na hakuna kompyuta itakayotuulizia maana yake kwao.