Picha za ubongo wa panya na kitendawili cha maradhi ya usahaulifu

PANYA hapatwi na maradhi ya Alzheimer kwa maumbile yake; watafiti humtia jeni za binadamu ili ubongo wake ujae mabaka ya protini ya amiloidi. Utata unaanzia hapo. Mnamo 2004, wanasayansi wa Uppsala na Pittsburgh walichapisha picha za amiloidi katika wagonjwa walio hai, wakitumia kemikali iitwayo PiB. Ajabu ni kwamba mwaka uliofuata, kemikali iyo hiyo haikuonyesha lolote katika panya waliosheheni mabaka hayo. Chanjo nayo, iliyosafisha bongo za panya mnamo 1999, ilisitishwa 2002: wagonjwa 18 kati ya 298 waliodungwa walipata uvimbe wa ubongo, hatari ambayo majaribio ya panya hayakuwa yameidokeza.