Pembe ya Afrika Inapitia Isili

Makala nyingi zinazoletwa kwa jarida hili kuhusu Pembe ya Afrika huitaja Nairobi, na karibu kila mara Nairobi hiyo ni Gigiri, Ikulu au ukumbi wa hoteli. Somalia, Ethiopia na Sudan huonekana humo kupitia taarifa za IGAD na maazimio ya Umoja wa Afrika. Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya mitaa ya Eastlands kwa sababu nimechoshwa na usomi unaoiona Eastleigh, Isili kwa wenyeji, kama mahali pa kupokea makali ya siasa za nje, ilhali siasa zenyewe kwa sehemu kubwa zinafanyika pale.

Chukua uwanja wa Kasarani. Tarehe 10 Oktoba 2004, baada ya mazungumzo yaliyoanzia Eldoret mwaka 2002 na kuhamia Mbagathi, wabunge wa Somalia walimchagua Abdullahi Yusuf kuwa rais wao hapo Kasarani. Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, polisi walikamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, na wengi wakazuiliwa hapo hapo Kasarani ili vitambulisho vyao vikaguliwe. Tukio la kwanza hufundishwa katika kozi za diplomasia. La pili limeachiwa mashirika ya haki za binadamu, na mgawanyo huo hauna msingi. Waliogongewa milango usiku walikuwa wakibebeshwa mzigo wa vita dhidi ya al-Shabaab ambavyo jeshi la Kenya lilivuka mpaka wa Somalia kwenda kupigana Oktoba 2011. Baadhi yao walipandishwa ndege hadi Mogadishu. Msako uliendelea hadi ukamkumba afisa wa ubalozi wa Somalia, na Mogadishu ikamwita balozi wake arudi nyumbani. Ukaguzi wa vipande mtaani ulizaa mgogoro wa nchi mbili katika mwezi huo huo mmoja, na anayeanza kuusoma mgogoro huo kwenye barua za wizara anauanzia mwisho.

Nitaambiwa kwamba waamuzi ni serikali, na mtaa hufuata tu. Baada ya shambulio la al-Shabaab katika Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, Kenya ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma fedha. Juni ikaziruhusu tena. Anayetaka kujua kwa nini uamuzi mzito hivyo haukumaliza hata miezi mitatu asimame kwenye kaunta ya hawala. Mama muuza nguo anatoa shilingi, karani anaandika namba ya simu, na jamaa yake huko Baidoa anapokea dola kabla mama hajamaliza kushuka ngazi. Hakuna noti iliyovuka mpaka. Ofisi hizo mbili zitalipana baadaye, pengine kwa mzigo wa bidhaa unaopitia Dubai. Mashirika ya misaada nayo hutumia njia hiyo kulipa watu wao Somalia. Marekani iliifungia kampuni ya hawala ya Al-Barakaat mwaka 2001, na fedha zikaendelea kupita kwa kampuni nyingine. Serikali inaweza kufunga ofisi, sikatai, lakini inapofunga hii inagusa chakula cha Baidoa, stoo za Dubai na maduka yaliyokua tangu Garissa Lodge ilipogeuzwa soko baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Somalia mwaka 1991. Nguvu inayoilazimisha serikali kulegeza kamba ni hoja ya uhusiano wa kimataifa, na sikubali iitwe sosholojia ya wahamiaji.

Pingamizi la pili linanigusa zaidi: kwamba tukiwatuma watafiti Eastleigh, wakazi watahojiwa upya kuhusu al-Shabaab, mara hii na watu wenye madaftari wasio na sare. Hatari hiyo ni ya kweli, na chanzo chake ni maswali tunayouliza. Mfanyabiashara wa miraa aliyepoteza soko la Mogadishu kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022 anaujua uhusiano wa Kenya na Somalia kwa undani kuliko wachambuzi wengi ninaowasoma. Aulizwe kuhusu ndege, bei na mikopo, na aheshimiwe kama mjuzi wa jambo lake.

Katika toleo hili, makala ya Kayole, inayowafuata wakimbizi wa Kongo waliokuwa wakiyasikiliza redioni mazungumzo ya amani ya nchi yao, Mchakato wa Nairobi wa mwaka 2022, yaliyofanyika kilomita chache kutoka vyumba vyao, isomwe kwanza. Uchambuzi wa hukumu ya mwaka 2021 kuhusu mpaka wa bahari kati ya Kenya na Somalia ni wa kisheria na ni makini. Makala kuhusu Somalia kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2024 ina takwimu nzuri, ila inaiandika biashara ya Kenya na Somalia kana kwamba ilisubiri mkataba.

Kuanzia toleo lijalo, makala kuhusu Somalia au Ethiopia iliyoandikiwa Nairobi bila chanzo hata kimoja cha Kisomali, Kioromo au Kiamhara kutoka mitaa hii itarudishwa kwa mwandishi. Majina ya wanaohojiwa yatafichwa, na mwandishi atatueleza aliwaahidi nini.