Maarifa ya Nyumbani: Jeki Hunyanyua, Haishikilii

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha mjini Busia, na kulipopambazuka Jumamosi hiyo koplo mmoja wa polisi alilikuta gari lake limelalia upande uani mwa nyumba aliyopanga, ng'ambo ya Uganda, si mbali na mpaka. Msumari ulikuwa umelichoma tairi la nyuma la kushoto, na hewa ikavuja polepole hadi ikaisha. Gari lenyewe lilikuwa Toyota Probox, lililokuja kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika, kama yalivyo mengi ya magari madogo yaonekanayo katika barabara ya kwenda Tororo. Siku hiyo familia ilikuwa na safari ya kwenda huko huko Tororo kumjulia hali nyanya ya watoto, na ilipotimu saa tatu asubuhi wote walikuwa wamekwisha kuvaa nguo za safari.

Koplo alikuwa na haraka. Aliitia jeki chini ya gari juu ya udongo mwekundu uliolowa, akaizungusha, akaling'oa gurudumu lenye pancha na kulitupa kando. Watoto watatu walikuwa wamechutama wakimtazama, na mdogo wao alikuwa amekwisha kupenyeza mkono chini ya gari kuufuata mpira wake. Hapo ndipo mzee wa nyumba ya jirani, dereva mstaafu wa jeshi, alipopaza sauti kutoka ng'ambo ya ua.

"Afande, simama kwanza. Mtoe mtoto hapo."

Koplo alimvuta mtoto. "Ni kazi ya dakika kumi tu, Mzee."

"Dakika kumi ni nyingi kwa jeki iliyosimama juu ya matope."

Mzee aliingia uani, akaliokota lile gurudumu lenye pancha, akalilaza chini ya ubavu wa gari. Hakuwa amekwisha kuunyoosha mgongo wake vizuri wakati kitako cha jeki kilipozama upande mmoja. Jeki ilipinda, gari likashuka kwa kishindo, likalalia lile gurudumu. Mpira wa mtoto ulikuwa ungali pale pale chini. Mama watoto hakusema neno; aliwashika wote watatu, akawaketisha barazani na kuwaambia wasishuke mpaka waitwe.

Kilichotokea uani humo hakikuwa ajabu. Gari dogo la aina hiyo lina uzito wa zaidi ya kilo 1,000, na pembe yake moja inapoinuliwa, mamia ya kilo hukaa juu ya kitako cha jeki ambacho si kikubwa kuliko kiganja cha mtu. Udongo mwekundu wa Busia huwa mgumu kama sakafu wakati wa kiangazi, lakini katika miezi ya mvua huwa kama uji chini ya ganda jembamba lililokauka, na macho hayawezi kuona tofauti. Dawa yake ni ubao. Kitako cha jeki chenye upana wa sentimita 8 kwa 10 hukanyaga eneo la sentimita 80 za mraba. Ubao wa sentimita 30 kwa 30 hukanyaga 900. Uzito ule ule hugawanyika mara kumi na zaidi, na ardhi huustahimili. Ubao wa mvule au wa mkaratusi wenye unene wa sentimita 4 au 5, ambao seremala yeyote anaweza kuukata kutoka katika mabaki yake, unastahili kukaa ndani ya buti pamoja na jeki siku zote.

Watu wengi, badala ya ubao, hutumia tofali. Hilo ni kosa baya. Tofali la kuchoma, na hata lile la saruji lenye matundu, hubeba ukuta kwa sababu uzito wa ukuta umetandazwa juu yake lote. Chuma cha jeki kinapolisukuma mahali pamoja, tofali hupasuka ghafla bila kutoa onyo. Kuwa mji wa Tororo unasifika kwa saruji hakubadilishi jambo hilo. Ubao hulia na kubonyea kabla ya kuvunjika, na mtu hupata nafasi ya kuondoka.

Jambo la pili ni kulizuia gari lisitembee, na hapa ndipo hata madereva wa siku nyingi hukosea, kwa kuwa huamini kwamba breki ya mkono inatosha. Katika magari mengi madogo breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma tu. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa, linabaki moja tu la kulishikilia gari. Nayo gia, iwe ya kwanza katika gari la kawaida au ile ya kuegesha yenye herufi P, hushika magurudumu yanayoendeshwa na injini. Lakini moja kati ya hayo likiwa hewani, difu huliacha lizunguke kinyume huku mwenzake aliye chini akibingirika. Kwa hiyo sharti breki ya mkono na gia vitumike pamoja, na juu ya hivyo iwekwe kabari, mbele na nyuma ya gurudumu lililo pembe ya mkabala. Likiinuliwa la nyuma kushoto, kabari hukaa kwenye la mbele kulia. Jiwe lenye pembe hufaa. Jiwe la mviringo ni sawa na kutoweka kitu.

Askari wanaotumia Land Rover za zamani, pamoja na zile za Defender ambazo utengenezaji wake ulikoma mwaka 2016, hawana budi kulitia jambo hili moyoni kuliko watu wengine. Katika magari hayo breki ya mkono haishiki magurudumu kabisa. Hushika mtaimbo unaotoka kwenye gia kwenda ekseli ya nyuma. Siku zote gari linaposimama kwa magurudumu yote manne, breki hiyo hushika barabara. Lakini gurudumu moja la nyuma likiinuliwa tu, mtaimbo hubaki umeshikwa vilevile, na bado gari linaweza kuondoka: gurudumu lililo hewani huzunguka kinyumenyume, lililo chini huzunguka kwenda mbele, na difu huwaruhusu wote wawili. Dereva huwa ameivuta breki hadi mwisho na haoni kwa nini gari lake linateremka. Kinga yake ni kufunga difu ya kati, au kuunganisha magurudumu manne katika zile za zamani zaidi, kutia gia ya kwanza, na kuweka kabari kabla jeki haijaguswa. Mzee wa Busia alijifunza hayo katika karakana ya jeshi, na ndiyo sababu hupitisha macho kwenye magurudumu ya gari la mwenziwe kabla hata ya kumwamkia.

Baada ya hapo mambo hufuatana kwa urahisi. Abiria wote hushuka, na watoto huwekwa mahali ambapo mtu mmoja anawatazama. Tairi la akiba hutolewa butini kabla ya kuinua gari, kwa kuwa kulivuta kutoka ndani ya gari lililo juu ya jeki ni kulitikisa. Nati hulegezwa nusu mzunguko, kuelekea kushoto, magurudumu yote yakiwa bado chini. Anayengoja hadi gurudumu liwe hewani ndipo aikanyage spana kwa nguvu, analiangusha gari kwa miguu yake mwenyewe. Jeki huwekwa mahali pake, yaani chini ya ukingo wa chuma ulio chini ya milango, penye mikato miwili iliyotiwa na kiwanda, mmoja nyuma ya gurudumu la mbele na mmoja mbele ya gurudumu la nyuma. Mahali pengine popote bati hubonyea au jeki huteleza.

Tairi la akiba hulazwa chini ya ubavu wa gari, karibu na jeki, kabla ya gurudumu bovu kung'olewa. Likisha kung'olewa, yanabadilishana: bovu linaingia chini, zima linatoka. Mkono husukuma tairi kwa ubavu wake. Hauingii chini ya gari, wala kichwa hakiinami huko kutafuta nati iliyobingirika. Nati hutiwa ndani ya kofia na kofia hiyo huwekwa mbali na miguu ya watoto.

Wakati mwingine nati zote zimetoka na bado gurudumu limegandamana kwa kutu. Kulipiga teke gari likiwa juu ya jeki ni jambo la hatari kubwa. Afadhali nati zirudishwe kwa vidole bila kukazwa kabisa, gari lishushwe, kisha liendeshwe hatua mbili mbele na nyuma polepole. Uzito wake wenyewe huivunja kutu, na kazi huanza upya kwa usalama.

Kuhusu aina za jeki hakuna haja ya maneno mengi. Ile ya mkasi inayokuja na gari hutosha kwa kubadilisha gurudumu, mradi skurubu yake isafishwe na kupakwa grisi. Ile ya chupa ina nguvu zaidi, na uwezo wake kwa tani huandikwa ubavuni. Lakini hushikiliwa na mafuta yaliyomo ndani, na sili ikichakaa hushuka kimya kimya. Hakuna kati ya hizo iliyotengenezwa ili mtu alale chini ya gari. Anayetaka kufungua mafuta ya injini au kukagua breki kwa chini anahitaji stendi za chuma, mbili, juu ya sakafu ngumu, na alisukume gari kwa bega kabla ya kuingia. Asiyekuwa nazo alipeleke gari kwa fundi mwenye nazo. Gharama yake si kubwa kuliko ya matanga.

Uani mwa koplo kazi ilianza upya kwa jeki ya chupa ya Mzee na kipande cha mvule. Safari hii Mama watoto aliomba kuishika spana mwenyewe, kwa kuwa mumewe huwa zamu ya usiku mara kwa mara naye hubaki peke yake na gari na watoto. Mzee alimwonyesha kwamba nati huingia upande wake mwembamba ukielekea kwenye rimu, kwamba hukazwa kwa kuvuka kutoka moja hadi ile ya mkabala, wala si kwa kufuatana kama wanaocheza bao, na kwamba hazipakwi mafuta. Gari likisha kushuka ndipo hukazwa za mwisho. Toyota nyingi ndogo huhitaji nguvu ambayo, kwa spana ya sentimita 30, ni sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 35 kwenye ncha ya mpini. Si lazima mtu aruke juu yake; wanaoruka hunyoosha bolti, na zikikatika hukatikia njiani.

Tairi la akiba lilikuwa la ule mwembamba. Hilo hujazwa hewa ya ratili 60 kwa inchi ya mraba, karibu mara mbili ya tairi la kawaida, na haliendeshwi zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Kwa hiyo walikwenda pole pole, wakiyaacha malori yawapite, na kwa kuwa pancha ikitokea upande wa kulia katika barabara hiyo mgongo wa mtu huelekea magari, koplo alimwonyesha mkewe penye nafasi ya kutoka kabisa nje ya lami. Matawi ya miti ambayo watu huyatandaza barabarani hayaonekani usiku. Pembetatu nyekundu inayong'aa ndiyo huonekana.

Walifika Tororo karibu na saa saba mchana. Kabla ya kushusha ndizi na sukari za nyanya, Mama watoto alichukua spana, akainama penye gurudumu la nyuma, akazijaribu nati moja baada ya nyingine. Tatu zilikuwa imara. Ya nne iligeuka robo mzunguko.